Alaimenti ya nyuma kwenye gari la zamani lililoshushwa: bolti za kemu, bushi za tundu la pembeni, bracketi za kuchomelea, shimu au mikono ya kurefusha?

Ukishusha gari la zamani kwa springi fupi, mbele huwa hakusumbui sana: kuna tairodi, fimbo zinazogeuza magurudumu, na fundi yeyote wa alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, anajua pa kushika. Mtihani uko nyuma. Magari mengi yaliyobuniwa kabla ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na nyuma isiyorekebishika hata kidogo. Kiwanda kilipima, kikatoboa matundu, kikafunga bolti, basi. Gari likikaa kwenye kimo chake cha asili hilo halina neno. Literemshe sentimita nne, na pembe za nyuma zinaweza kuhama huku huna pa kuzirudishia.

Njia kubwa za kujipatia pa kurekebishia ni tano, na kila moja ina watetezi wanaoapa kwamba zilizobaki ni upuuzi. Mimi naona zinatofautiana kwa mambo matatu yenye uzito: zinagusa pembe ipi, zinashika kwa muda gani bila kuhama, na zinakufungia nini siku ukitaka kurudisha gari lilivyokuwa. Idadi ya digrii iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ya mwisho kutazamwa, ingawa ndiyo inayouza.

Kwanza jua ni pembe ipi inayokula tairi

Pembe zinazohusika nyuma ni mbili. Kemba ni mwegamo wa gurudumu ukisimama nyuma ya gari: juu likiingia ndani, kemba ni hasi. Tou ni mwelekeo wa gurudumu ukilitazama kutoka juu: ncha za mbele zikielekeana ni tou-ndani, zikiachana ni tou-nje.

Mwenye gari lililoshushwa huona tairi limeisha upande wa ndani, akaangalia gurudumu lilivyolala, akahukumu kemba. Mara nyingi anahukumu asiyehusika. Piga hesabu: gurudumu lililokengeuka nusu digrii kutoka kwenye mwelekeo wa safari linaburutwa kando takriban mita 9 katika kila kilomita moja. Kemba hasi ya digrii 2 haina mburuto wa namna hiyo. Inahamishia uzito kwenye ukingo wa ndani, na tou ikiwa sawa, ukingo huo huisha polepole. Zikikutana kemba hasi na tou mbaya, ukingo ule ule unaobeba uzito ndio unaosuguliwa, na nyaya za tairi huanza kuchungulia ndani wakati meno ya nje bado yako vizuri.

Kiganja kinaweza kukupa jibu kabla ya mashine. Pitisha mkono juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiteleza vizuri na ule mwingine ukikwaruza kama msumeno, hiyo ni tou. Ukiteleza pande zote mbili lakini ukingo wa ndani umeisha, hapo kemba ndiyo ya kulaumiwa.

Na tou ya nyuma si suala la tairi peke yake. Nyuma yenye tou-nje hulifanya gari liwe na wasiwasi barabarani: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, au ukikanyaga breki huku umekata usukani, mkia unataka kukupita. Tou ikiwa haiko sawa kati ya kushoto na kulia, nyuma inasukuma gari kwa mshazari, na wewe unalinyoosha kwa usukani. Matokeo yake ni usukani uliopinda kwenye barabara iliyonyooka, ambao fundi atajaribu kuurekebisha mbele bila mafanikio ya kudumu, kwa kuwa chanzo kiko nyuma.

Kwa hiyo nasema wazi: kama mfuko unaruhusu kurekebisha pembe moja tu, nunua inayorekebisha tou. Wengi hununua ya kemba kwanza kwa sababu kemba inaonekana kwa macho.

Halafu kuna dawa isiyohitaji kununua kitu. Pandisha gari kidogo. Kama umeweka koilova (springi na shokamzoba kwa pamoja) zenye kurekebishwa kimo, milimita 15 tu zinaweza kurudisha sehemu nzuri ya kemba uliyoipoteza. Najua hili halipendwi.

Nyuma yako ni ya aina gani?

Ulinganisho wote unaofuata hauna maana kama hujalala chini ya gari ukaangalia. Ekseli nzima ya difu, kama ya Toyota AE86 iliyotoka 1983, haina kemba wala tou ya kurekebisha. Magurudumu mawili yamefungwa kwenye bomba moja. Ukilishusha, kinachohama ni ekseli yenyewe, inayosogea upande mmoja kwa sababu ya fimbo ya Panhard, ile inayoishika ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Hapo unahitaji fimbo ya kurefushika tu, urudishe ekseli katikati. Ukiona bomba la ekseli limepinda, hilo ni suala la karakana yenye presi.

Mikono (vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari) iliyonyooka, inayofungwa mbele ya gurudumu na kupanda na kushuka kwenye mhimili uliokata gari kwa upana, kama ya Peugeot 205 au Mini ya zamani, kwa kanuni haibadilishi kemba gari likishuka. Ukiona kemba imeharibika huko, usikimbilie kifaa cha kurekebisha. Tafuta beringi za mkono zilizokufa au mkono uliopinda. Kurekebisha pembe juu ya beringi mbovu ni kupoteza muda na pesa.

Mikono ya mshazari ndiyo inayoleta kesi nyingi. BMW E30, iliyoanza kuuzwa 1982, ndiyo mfano unaotajwa kila mahali: kila mkono una bushi mbili (pete za mpira ambamo bolti ya mkono hupita), na mhimili unaopita katikati yake umekaa kwa mshazari ukitazama kutoka juu. Gurudumu likipanda, linalala ndani, na tou nayo husogea. Ukishusha gari umelipandisha gurudumu daima, kwa hiyo kemba hasi inakuwa ya kudumu. Kiwandani hapakuwekwa pa kurekebishia.

Boriti ya kujipinda, kama ya Volkswagen Golf ya kizazi cha pili, ina pembe zilizotengenezwa ndani ya boriti. Kushusha hakuibadilishi sana, ila boriti iliyowahi kugonga shimo kubwa huwa na pembe zake yenyewe. Kisha kuna nyuma zenye mikono kadhaa kila upande, kama Nissan Silvia S13 au Mazda MX-5 ya kwanza ya 1989. Hizi zina kemu, bolti za kurekebishia pembe, kutoka kiwandani, na tatizo lake huwa ni mbili: kemu zimeganda kwa kutu, au gari limeshushwa mpaka kemu zimefika mwisho.

Bolti za kemu

Ni bolti yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati. Ukizungusha bolti, washa inasukuma kingo za bracketi na mkono unasogea. Kama gari lako lilikuja nazo, anza hapo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kwenye MX-5 mkono wa chini una kemu mbili: ukizisogeza zote kwa kiasi kimoja unabadilisha kemba, ukisogeza moja zaidi ya nyingine unabadilisha tou. Ni mpango mzuri, ila unahitaji uvumilivu, kwa kuwa kila ukigusa kemba, tou nayo inahama.

Adui yake ni kutu. Bolti hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na fundi akilazimisha kwa spana ndefu, kinachozunguka si kemu, ni bushi inayochanika. Kwenye gari la miaka thelathini nashauri ununue bolti mpya pamoja na bushi mpya kwa pamoja, ukate za zamani kwa grainda, ufunge mpya kwa grisi. Kabla ya kukata, chora alama ya rangi kwenye washa na bracketi, upate pa kuanzia.

Kuna jambo moja kuhusu kemu ambalo halisemwi sana. Zikiwa katikati ya mzunguko wake, msukumo wa kando kutoka kwenye tairi unapata wenzo mrefu zaidi wa kuzizungusha. Zikiwa karibu na mwisho, msukumo huo unapita karibu na kitovu cha bolti na hauna nguvu kubwa ya kuizungusha. Kinachozuia isizunguke ni mbano wa nati peke yake. Kwa hiyo kukaza kwa makadirio hakufai. Tumia spana ya torki na namba ya kiwanda, hasa kwenye gari lenye matairi mapana yanayong'ang'ania lami.

Bolti za kemu za kuongezea, zile zenye mwili mwembamba unaoingia tundu la kawaida, sizipendi nyuma. Zinapata nafasi ya kusogea kwa kupunguza unene wa bolti inayobeba mzigo, na nafasi inayopatikana ni ndogo.

Bushi za tundu la pembeni

Hapa mkono unabaki ule ule, unabadilisha bushi. Tundu la bolti haliko katikati ya bushi, kwa hiyo ukiigeuza kabla ya kuifunga, mhimili wa mkono unahama. Kwa mikono ya mshazari ndiyo njia isiyohitaji kuchomelea, na kwa Datsun 240Z, ambayo nyuma yake haikuwa na marekebisho yoyote, ni njia ya siku nyingi ya kupunguza kemba.

Kizuizi chake kiko kwenye jiometri. Tundu linazunguka kwenye duara moja. Ukitaka kulisogeza juu kwa ajili ya kemba, limeshasogea pia mbele au nyuma, na tou imebadilika. Huwezi kuchagua moja bila kuipokea nyingine, isipokuwa ukicheza na bushi zote mbili za mkono kwa pamoja. Na kila jaribio linamaanisha kulegeza, kugeuza, kukaza, kushusha gari, kulisukuma mbele na nyuma ili matairi yakae, kisha kupima upya. Aliyezifunga na kuzipatia hataki kuzigusa tena, na hilo kwa namna fulani ni sifa yake: zikishakaa, zimekaa.

Nyingi ni za poliyurethani. Poliyurethani haipendi kupindwa, inapenda kuzunguka. Kwenye mkono ambao mhimili wake ni mmoja na umenyooka, ni sawa. Kwenye mkono unaohitaji bushi ijinyonge pande mbili kwa wakati mmoja, itashika, itapiga kelele, na mara nyingine itachana bracketi. Angalia pia kama bushi ina meno au kufuli ya kuizuia isizunguke ndani ya mkono. Ikiwa haina, hakuna kinachokuhakikishia kwamba pembe uliyoiweka leo ndiyo utakayoikuta.

Bracketi za kuchomelea

Kwa mikono ya mshazari, hii ndiyo tiba kamili. Unachomelea kwenye fremu ya nyuma vipande vya chuma vyenye tundu refu na reli za kemu, kisha unafunga bolti ya kemu. Tundu lililosimama wima kwenye bushi moja linashughulikia kemba. Tundu lililolala kwenye bushi ya pili linashughulikia tou. Ukiinua bushi ya ndani, kemba hasi inapungua. Pembe mbili, marekebisho mawili yanayokaribia kujitegemea, na unaweza kurudi kuzirekebisha kila ukibadilisha kimo.

Bei yake halisi iko kwenye kazi. Fremu inapaswa kushushwa chini ya gari, isafishwe hadi chuma cheupe, na ichomelewe na mtu anayejua kuingiza moto mpaka ndani bila kukunja chuma chembamba. Anayechomelea fremu ikiwa bado iko chini ya gari, amelala chali karibu na tangi la mafuta, huyo mwache. Kama utapaka rangi, paka ndani ya mifuko ya bracketi pia, maana kutu huanzia kule. Na kabla ya kukata chochote, uliza ukaguzi wa magari mahali ulipo unasemaje kuhusu kuchomelea sehemu za saspensheni.

Kuna toleo la haraka la njia hii: kupanua tundu la asili kwa faili, kusogeza bolti, kisha kuchomelea washa juu ili isirudi. Linafanya kazi, ila umejifungia pembe moja milele. Wanaopanua tundu bila kuchomelea chochote, wakitegemea mbano wa nati, wanaendesha gari lenye nyuma itakayohama kwenye shimo la kwanza.

Shimu

Kwa boriti ya kujipinda na nyuma yoyote ambayo haba, kitovu kinachofungwa gurudumu, inafungwa kwa bolti kwenye uso bapa, shimu ndiyo jibu fupi. Ni sahani nyembamba yenye unene usiolingana, unaiweka kati ya boriti na stabu, ekseli fupi ya gurudumu. Ukiigeuza upande mmoja unapata kemba, mwingine tou, katikati yake unapata mchanganyiko. Mini ya zamani hutumia shimu bapa kwa tou, kati ya bracketi ya nje ya mkono na fremu. Jaguar E-Type ilifanya hivyo hata kwa kemba: nusu ekseli ndiyo mkono wa juu, na shimu kwenye flenji yake hurefusha au kufupisha.

Shimu haina kinachosogea, kwa hiyo ikishafungwa haihami. Ila chunguza mambo matatu. Bolti ziwe bado zimeingia kwenye uzi kwa kina cha kutosha baada ya kuongeza unene. Shimu iguse uso wote, si kona mbili. Zile za kukunja kwa mkono sizipendi. Na kama breki ni za diski, angalia kalipa imefungwa wapi: ikiwa kwenye boriti na shimu imeingia nyuma ya haba, diski imeegama na kalipa haikuegama, na pedi zitaisha kwa mshazari. Usipange shimu juu ya shimu. Kama moja haitoshi, boriti imepinda, ibadilishe.

Mikono ya kurefusha

Hii ndiyo inayopendwa kwenye picha, na kwa gari lenye mikono kadhaa kila upande ni chaguo la maana. Ina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine. Unazungusha mwili wa katikati na urefu unabadilika bila kufungua bolti. Uzi wenye hatua ya milimita 1.5 pande zote mbili hubadilisha urefu kwa milimita 3 kwa mzunguko mmoja. Kwenye mkono wa juu wa kemba, ikiwa viungo vya juu na chini vimeachana milimita 250, hiyo ni takriban digrii 0.7. Kwenye mkono wa tou ambao nafasi yake ni milimita 150, mzunguko ule ule unatoa zaidi ya digrii 1. Robo mzunguko tu na tayari umevuka kiasi cha tou ambacho gari la barabarani linahitaji. Ndiyo sababu mkono wa tou unaguswa kwa subira, alama ya chokaa ikiwa juu ya nati.

Kinachokuja kwa siri ni kwamba urefu wa mkono hautoi pembe tu ukiwa umesimama; unaamua pia pembe zitakavyobadilika gurudumu likipanda na kushuka. Ukifupisha mmoja na kuacha mingine, unaweza kupata tou nzuri kwenye mashine na tou inayocheza barabarani. Kwenye S13, mkono wa kemba, wa tou na ule unaovuta mbele vinategemeana, na kurekebisha kimoja kikafika mbali bila vingine ni kujitafutia gari lisilotabirika.

Jingine ni viungo. Mikono ya mpira ni kimya na huvumilia uchafu. Jointi za chuma tupu hazina ulegevu na pembe haihami chini ya mzigo, lakini mchanga na maji ni sumu kwake, zinaanza kugonga, na mara zinapoanza kugonga alaimenti yako imekwisha. Kwa gari la barabarani nachagua mkono wenye mpira upande wa bodi na jointi iliyofunikwa upande wa gurudumu, hata kama muuzaji anadai za chuma pande zote ni bora.

Kupima bila kudanganywa

Hakuna kati ya hizi inayofaa kama kipimo ni kibovu. Sakafu iliyolala sawa, matairi yenye upepo sawa, uzito wa dereva ndani, na gari lisukumwe mbele na nyuma kila baada ya kushushwa kwenye jeki. Chini ya matairi weka karatasi mbili za plastiki zenye grisi katikati ili gurudumu liteleze likae lenyewe.

Kwa tou, kaza kamba mbili kando ya gari, sambamba, zilizopangwa kutoka kwenye vitovu vya magurudumu. Kumbuka upana wa mbele na nyuma huenda usilingane. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya gurudumu. Kwenye rimu ya inchi 16, tofauti ya milimita 1 ni digrii 0.14. Kwa kemba, tofauti ya milimita 7 kati ya juu na chini ya rimu hiyo ni digrii 1. Ukiwa na mashine, omba ikuonyeshe mstari wa msukumo wa nyuma, yaani upande ambao magurudumu ya nyuma yanalisukuma gari, kabla ya kuguswa mbele.

Kimo kwanza, kemba ya pili, tou ya nyuma ya tatu, mbele mwisho. Kama huna namba za kiwanda, kemba hasi ya digrii 1 hadi 1.5 na jumla ya tou-ndani ya digrii 0.1 hadi 0.3 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa gari la barabarani. Tou-nje ya nyuma iachie gari la mashindano na dereva anayejua anachotafuta.

Mimi ningechagua hivi

Boriti ya kujipinda: shimu moja, na ikishindikana, boriti nyingine. Mikono ya mshazari kwenye gari la kila siku: lipandishe kidogo, ufunge bushi za tundu la pembeni zenye kufuli. Mikono ya mshazari kwenye gari utakalolibadilisha tena na tena: bracketi za kuchomelea, hata kama zinaumiza mfuko. Nyuma yenye kemu za kiwanda: zifufue kwanza kwa bolti na bushi mpya, zikifika mwisho wa mzunguko, nunua mkono wa tou kabla ya mkono wa kemba.

Bushi zozote za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejinyonga, gari linasimama juu kuliko linavyopaswa, na vipimo vya mashine vinahama siku chache baadaye. Zirudie nati za kufungia baada ya kilomita mia chache za kwanza, ukiangalia alama za rangi kabla hujaweka spana.